Kofia Uliyoitundika Shambani

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Na nyingine ya ziada, shikamoo, maana ya kwanza najua utaipokea umenuna, ukisema huyu Kiroboto kakaa kimya msimu mzima wa mvua kama aliyemezwa. Sijamezwa. Mimi mzima, ila magoti yanalia kama bawaba za mlango wa ghala, na lile jino la mbele ulilolizoea limejiendea zake. Sasa nikipiga mluzi unatoka upepo mtupu. Wifi yako hajambo, anakusalimu, anasema kiuno chake kimepona tangu alipoacha kunibebea makasia. Na nyie huko? Mgongo wako unasemaje? Na yule mbwa wako, bado ana sauti ile ile? Mbwa namuulizia kwa sababu zangu, utaziona mbele.

Na wewe mkwe wetu unayemsomea, habari zako. Pole kwa mwandiko. Mimi darasani sikukaa, herufi nilifundishwa na fundi wa kupaka majina ya boti, ndiyo maana zote kubwa na zimesimama wima kama zinasubiri kupigwa picha. Soma yote, usiruke hata pale ninapomsema mama mkwe wako. Hapo ndipo upandishe sauti.

Barua yenu nimeipata kwa dereva wa lori la maziwa. Nimefurahi kusikia mahindi yamesimama vizuri. Na habari ya mwizi nimeisikia pia, kwamba siku ile ya mvua kubwa mbwa alibweka, ukaliona jitu limejibanza nyuma ya choo, likatimua mbio, likaanguka, likateremka mpaka mtoni na kupotea, likaacha kofia. Na kwamba kofia umeitundika kwenye mti katikati ya shamba, mwenyewe akirudi aione na ndege nao waogope. Umeandikisha kwamba lilikuwa jitu refu, lenye mabega kama mlango, limeshika rungu. Umeniambia ningekuwepo ningelifunza adabu. Sawa. Nitafika kwenye habari ya mwizi, lakini niache kwanza nikueleze ya huku, kwa sababu umeniuliza bwawa linanilisha vipi na sitaki kujibu kwa mkato.

Bwawa halinilishi, Dada.

Unakumbuka ulivyokuja ile mara moja, ukakataa kupanda boti eti jina lake linakutia mashaka. Nikakuambia mtu anayepanda boti inayoitwa USINICHEKE hawezi kuzama, aibu itamrudisha juu. Ukapanda huku umenishika shati. Nikakupeleka pale kati, nikakupa lile sanduku langu la mbao lenye kioo chini, ukaliweka juu ya maji, ukainama kutazama. Ukanyamaza. Wewe ulinyamaza, jambo ambalo hata marehemu shemeji hakuwahi kulishuhudia. Ulikuwa unaona kizingiti cha nyumba ya baba, zile ngazi za mawe, na uani kwake lile jiwe la mama la kusagia, limekaa pale pale, na samaki wadogo wanalizunguka kama kuku wanaosubiri punje. Ukasema jiwe hilo ndilo lililokutoa malengelenge. Halafu ukaficha uso kwa kanga, ukasingizia jua.

Wageni wote nilikuwa nawapeleka pale. Tangu walipoziba mto na bonde letu likajaa, wengine mlipewa mashamba ya mlimani, mimi nikasema sihami, maji yakipanda nami nitapanda nayo. Nikawa nahodha. Wageni nawaambia chini kuna kasri la malkia mkali aliyekuwa anasaga maadui zake kwenye jiwe lile. Wanaogopa, wanafurahi, wanarudi na binamu zao. Malkia ni wewe, samahani. Na nawaambia habari za yule kambare niliyemnasa, akanivuta na boti yangu akanizungusha bwawa zima, hadi nikamwomba anishushe gatini maana wifi yako alishapakua chakula. Akanishusha. Wanaoamini wapo, na ndio wanaorudi.

Sasa hakuna kasri, hakuna malkia. Maji yamekuwa kama chai ya maziwa iliyosahaulika kikombeni. Misimu miwili hii ya mvua yamekuja mekundu, na zamani yalikuwa yakija mekundu yanatulia, tunangoja kidogo tunaona chini tena. Safari hii hayatulii. Nikiweka sanduku, kioo kinaonyesha hudhurungi, basi. Mgeni wa mwisho niliyempakia, bwana mmoja mwenye mkewe, alitazama akaniuliza kasri liko wapi. Nikamwambia malkia kafunga mapazia. Mkewe akacheka, yeye hakucheka. Akasema anaweza kuona matope kwenye barabara ya kwao bila kupanda boti.

Nilipowashusha nikarudi peke yangu pale kati. Unajua mimi pale sihitaji alama, nikipanga mnara wa maji na ule mwamba wenye pua mstari mmoja, niko juu ya uwanja wa nyumbani. Bwawa lilikuwa limeshuka, nikachukua upondo wangu mrefu wa kusukumia boti nikauzamisha kulitafuta jiwe. Zamani ukiligusa linajibu, ko, unalisikia mpaka kiganjani. Safari hii upondo ulikwenda, ukaendelea kwenda, laini, kama mwiko kwenye uji. Nikahamia kwenye kizingiti, uji. Kwenye ngazi, uji. Nikakaa kwenye boti, Dada, nikaupangusa upondo tope kwa shati langu.

Ukiuliza samaki, ndio wanaoniuma zaidi kwa sababu hawawezi kulalamika. Perege, si unamjua alivyo na usafi wa bi harusi, anafagia mchanga kwa mkia, anachimba kisahani pale penye maji mafupi, anaweka mayai, anakaa mlangoni kulinda. Niliwaona mwanzo wa mvua wanafagia. Tope linashuka, wanafagia. Linashuka tena. Jirani yangu mvuvi, yule tunayemwita Sharubu, alinionyesha perege aliyemtoa wavuni, akamfunua shavu. Yale matamvua mekundu anayopumulia yalikuwa yamegandwa na tope kama tundu za chujio la chai. Amekonda, kichwa kikubwa, mwili kama ulimi wa kiatu. Huyo anawinda kwa macho, na macho hayamsaidii kitu humo. Majani ya chini, yale watoto wake walimokuwa wanajificha, yameoza kwa kukosa mwanga. Anayenenepa ni kambare tu, maana yeye anapapasa kwa ndevu. Sharubu anasema hata ndoa ingekuwa hivyo, wenye ndevu ndio wangebaki. Tukacheka, halafu akakunja wavu wake na hajautoa tena. Siku hizi anashona viatu.

Na waogeleaji. Unamkumbuka Chura, mwalimu wa kuogelea, yule mwenye kifua na filimbi, aliyekutania eti akufundishe, ukamwambia umri wako unaogelea kwenye beseni. Yule bwana alikuwa anakaa kwenye kiti chake kirefu ufukweni, anawaona watoto mpaka kucha za miguu. Siku moja, maji yameshaharibika lakini watu bado wanaingia kwa mazoea, binti mdogo alizama karibu kabisa na ngazi za gati. Maji ya kifuani. Mahali ambapo zamani ungeangusha sindano ukaiokota. Chura aliruka papo hapo, na alikuwa anapapasa hapo hapo, na hamwoni. Anapiga mbizi, anatoka mikono mitupu, anazunguka kama mtu aliyepoteza mlango wa nyumba yake. Nikarukia na mimi na nguo zangu. Sikumwona, Dada. Nilimkanyaga. Nilikanyaga mkono wake, nikainama, nikamvuta.

Yu hai. Alitapika maji ya rangi ya tofali, akalia, na kile kilio kilikuwa kitamu kuliko wimbo. Mama yake alinipigia magoti. Watu wanataka niwasimulie kila siku, na hapa ndipo ujue mdogo wako ameharibika, kwa mara ya kwanza maishani nina kisa cha ushujaa ambacho ni cha kweli, na sitaki kukisimulia. Chura alifunga ufukwe yeye mwenyewe kwa kamba siku ile ile. Kibao cha kukataza kuogelea kilifuata baadaye. Anakuja kila asubuhi, anapanda kiti chake, anatazama maji yasiyo na mtu. Filimbi bado ameivaa shingoni.

Kuna mama mmoja wa idara ya maji anakuja kupima. Tunamwita Mama Sahani, kwa sababu ana sahani yenye mapande meusi na meupe ameifunga kamba, anaishusha majini aone inapotelea wapi. Zamani nilimtania kwamba sahani yake haina chakula, ndiyo maana samaki hawaji, na kamba ilikuwa inashuka, inashuka, naye anaiona tu. Sasa sahani inapotea kabla kifundo cha mkono wake hakijalowa. Siku ile aliivuta akaifuta kwa upande wa gauni lake, hakunitania. Akaniambia tope linatoka juu, milimani, ni udongo wa mashamba unaosombwa na mvua. Nikamuuliza kwa nini wasilichote. Akasema wakilichota leo, mlima utaleta lingine kesho. Akasema mvua zijazo zikija hivi hivi, upande wetu wa starehe utafungwa, gati itang'olewa, litabaki bomba la kupeleka maji mjini tu, na hilo bomba nalo linawatesa. Aliyasema huku anatazama kiti cha Chura. Mwanawe alijifunzia pale kuogelea.

Mimi nikamwambia anitajie mtu. Nani huyo analeta udongo wake kwangu. Akasema si mtu mmoja. Sikumsikia, au sikutaka kumsikia. Nilikwenda kwenye kibanda cha chai, mbele ya Sharubu na Chura na wapiga soga wote, nikapiga meza nikaapa nitalifuata tope mpaka linapozaliwa, nimkamate mwenyewe kwa sikio, nimlete gatini anywe glasi moja ya maji haya mbele ya watu. Sharubu akaniambia kwa magoti hayo nitafika kwenye kona ya kwanza. Nikamwambia magoti haya yamewahi kumfukuza fahali hadi akaomba msamaha. Na asubuhi yake, wakati mvua imeanza tena, nikachukua kasia langu begani kama rungu, nikavaa kofia yangu, ile ya majani uliyonisukia ukaiwekea kitambaa cha bluu, ambacho jua limeshakila chote. Nikaenda.

Sasa wewe, mkwe, hapa punguza mwendo.

Nilipanda kwa kufuata mto, si kwa barabara. Kazi yangu ilikuwa nyepesi, nilidhani. Kila mito miwili inapokutana natazama upi mchafu zaidi, naufuata huo. Na hapo penye makutano ya kwanza nikakuta yote miwili michafu, nikachagua uliozidi. Ya pili vile vile. Nikapita chini ya milima nisiyoijua kwa upande huo, maana mimi milima yenu naijua kutokea barabarani, na mtu ukimjia kwa nyuma hata ndugu humtambui. Mvua ikawa kubwa. Nikafika kwenye kijito kimoja kinashuka chekundu kama damu ya kuchinjwa, kinanguruma, nikasema huyu hapa, nimempata. Nikaangalia juu.

Mlima mzima umelimwa. Matuta yameteremka kutoka kileleni mpaka mtoni, yamenyooka kama nywele zilizochanwa, na kati ya kila tuta na tuta maji yanashuka mbio yamebeba udongo. Sijaona matuta yaliyonyooka vile tangu utoto wangu. Na hapo moyo ulianza kuniambia kitu, nikaukatalia. Nikapanda mpaka karibu na choo cha boma, nikajibanza, kasia mkononi, nichungulie huyo mshenzi.

Ulikuwa umejifunika gunia kichwani. Umeinama na jembe kwenye midomo ya matuta, unaifungua maji yapite upesi, mmoja baada ya mwingine, miguu imezama hadi kwenye vifundo. Na ulikuwa unaimba kile kiwimbo cha baba cha kufungulia maji.

Mwizi wako ni mimi, Dada. Hiyo kofia ni yangu. Nashangaa hukuitambua kazi ya mikono yako, ila ukiiangalia sasa utaiona, upande mmoja ulikosea msuko ukaruka ukili. Mabega kama mlango nimeyapenda, asante, nitawasomea pale kibandani. Na rungu lilikuwa kasia. Mbwa wako aliponiona, nilikimbia kama sijawahi kuwa na magoti, nikateleza kwenye mfereji wako, nikashuka kwa makalio shamba zima hadi mtoni, mimi na udongo wako bega kwa bega. Tulifika pamoja.

Kwa nini sikutoka nikakusalimu, hilo ndilo linaloninyima usingizi. Ningesema nini? Baba alitufundisha tuta litazame mto. Alitupiga kwa hilo. Na bondeni alikuwa sahihi kabisa, kule kulikuwa tambarare, maji yalikuwa yanatuama yanaozesha mizizi, usipoyafungulia njia ya mtoni huvuni. Wewe ndiye uliyeshika kuliko sisi wote. Wamewapeleka mlimani, mkapanda na sheria ya bondeni mabegani, na nilipokuwa nateremka nilitazama milima ya jirani, Dada, wote wa bonde letu, wote, matuta yao yanatazama mto. Hakuna aliyekosea kwa uvivu. Mmekosea kwa utii. Mama Sahani alisema kweli, si mtu mmoja, na mimi nilikuwa nimekwenda na kasia moja.

Nikisema geuza matuta yakate mlima kwa ubavu, mgongo wako wa kugeuza mlima uko wapi? Mwanao yuko mbali na kazi zake, mkwe ana mtoto mgongoni. Na ukigeuza wewe, jirani wa juu yako hajageuza, maji yake yatakupiga yatabomoa yote na mahindi utakosa. Na mkigeuza wote, Mama Sahani anasema lililokwisha kushuka halipandi tena, labda wajukuu ndio watalitazama bwawa safi. Na usipogeuza, udongo ukiisha mlimani utabaki na mawe, mimi nimeuona unavyoondoka, unaondoka kwa kilo si kwa kijiko. Kila mlango ninaobisha humo ndani kuna ukuta. Nimezunguka nayo kichwani kama Chura siku ile majini, napapasa, sishiki kitu.

Niliporudi kibandani walinizunguka. Wakauliza sikio liko wapi. Nikawaambia njia imenipotea kwenye makutano. Mimi, mwongo wa miaka yote, uongo ule ulinitoka hauna chumvi, wakaniangalia, hakuna aliyecheka. Sharubu akaninunulia chai.

Basi nimekuambia. Sikukuandikia kukuomba chochote, maana hata cha kuomba sikijui. Nimekuandikia kwa sababu usingeacha kumwogopa mwizi, na mtu wa umri wako asilale na jembe mlangoni kwa ajili ya mdogo wake. Na usianze kulia ukamtia mkwe kazi ya kuacha kusoma. Mimi si yatima wa bwawa, wifi yako ana mashine yake ya kushonea, tutakula. USINICHEKE nimeipindua juu ya magogo nimeipaka lami upya, hata kama haina pa kwenda. Lile jiwe la mama nalo, nimefikiri hivi: limefunikwa, ndiyo, lakini limefunikwa na udongo wa shamba lako. Wewe ulilikimbia ukiwa msichana kwa malengelenge, sasa unalirudia kwa vikapu. Nikimaliza kufikiri hivyo sijui nicheke au nifanye nini, kwa hiyo nakuachia wewe mkubwa uamue.

Msalimie mwanao akija. Mkwe, ahsante kwa koo lako, kunywa maji, mtoto mbusu kisogo. Mbwa mwambie ameshinda. Wifi yako anasema ukipata nafuu ya mgongo shuka utukalie siku kadhaa, kahawa ipo, na mimi naahidi sitakupeleka pale kati.

Kofia usinirudishie. Iache kwenye mti wake hapo shambani. Mvua ikiichukua itashuka yenyewe, kila kitu chako siku hizi kinanifikia.

Ni mimi mdogo wako asiye na jino,
Kiroboto, nahodha wa nchi kavu